Zile Sidii Thelathini Hukuziharibu Wewe

Jerop,

Nimefunga duka saa tisa. Mvua bado haijaanza, lakini iko hapo juu ya mji inajipanga. Nimejifungia hapa nyuma ya kaunta kwa sababu kule nyumbani hakuna mahali pa mtu kukaa na kalamu. Shangazi zako wamejaa jikoni, na mama yako amefungua begi lako mara ya tatu, na kila akilifungua linazidi kuwa zito. Mambo ya blanketi, ya kuchemsha maji, ya kutunza simu kwa gari, hayo namwachia yeye. Ameshayasema na atayasema tena mpaka gari liondoke. Mimi nina jambo moja tu, na nisipoliandika leo utaenda kazini Marsabit nalo likiwa bado mgongoni mwako.

Zile sidii za shule hukuziharibu wewe. Niliziharibu mimi. Nilijua hivyo mwaka uleule, na nikanyamaza.

Haya, limetoka. Sasa wacha nikueleze lote, maana sitaki ulijue nusu.

Ulikuwa darasa la saba. Wakati huo duka hili lilikuwa duka kweli, si hiki kibanda cha kubadilisha mashimo ya chaji ya simu unachokiona siku hizi. Watu walikuja na harusi zao, na kwaya zao, na matanga yao, wote wanataka yawekwe kwa sidii. Leo mtu akiniletea sidii namwangalia kama ameniletea taa ya mafuta. Lakini wakati huo, Jumamosi, foleni ilifika mpaka kwa yule mama wa viatu, na wewe ulikuwa unasimama juu ya kreti ya soda ndiyo ufikie kibodi.

Nilikufundisha mambo mawili, unayakumbuka. Choma sidii polepole, usiikimbize, hata mteja akiwa anaguna. Na ukimaliza kuiandika, ifunge kwa ile amri ya mwisho ya kompyuta, kwa maana mashine za zamani haziwezi kusoma sidii ambayo haijafungwa, zitasema hakuna kitu. Ulishika siku moja. Mimi mwenyewe nilichukua mwezi. Nilikuwa nawaambia wateja, "Huyu ndiye atanirithi," na wewe unajifanya husikii, lakini masikio yanakupanda juu kwa raha.

Ndipo shule yenu ikapata zile kompyuta kumi za msaada. Zile nzito, rangi ya maziwa yaliyolala, zilizokuwa zimeshazeeka huko zilikotoka. Mwalimu Tanui, mwalimu mkuu wenu, akaja hapa dukani akaniambia, "Fundi, nataka masomo ya marudio, sidii thelathini, tufungue siku ya wazazi." Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha akili. Mjini kulikuwa kumeingia zile sidii zenye herufi RW, zile za kuandika, unafuta, unaandika tena. Nikawaza, kila muhula watoto wanirudishie, nifute ya zamani, niweke mapya. Hakuna fundi mwingine Eldoret alikuwa amewaza hivyo. Aki nilijiona profesa! Kumbe kulikuwa na sababu ya wao kutowaza hivyo.

Ulizichoma zote thelathini wewe mwenyewe, siku mbili za likizo. Ukazipanga, ukaandika somo juu ya kila moja kwa ule mwandiko wako wa kulala. Halafu ukasimama na moja mkononi, ukaniambia, "Baba, si tujaribu moja kwa ile kompyuta mzee iko store? Hiyo iko kama zile za shule."

Nilikuwa na haraka. Sikumbuki hata haraka ya nini. Nikakuambia, "Kwangu zinasoma. Zikisoma kwangu zitasoma kokote."

"Lakini ile ni dakika mbili tu, Baba."

"Kwani wewe ndio fundi hapa?"

Ukaweka sidii chini. Hukuniuliza tena.

Siku ya wazazi unaijua, lakini wacha niiseme kutoka upande wangu. Wazazi wamejaa lile darasa, wengine wamesimama nje dirishani. Mimi nimevaa koti. Mwalimu Tanui akaingiza sidii ya kwanza. Ile taa ndogo ikawaka, ikazima, ikawaka, ikazima, draivu ikahema kidogo, kisha kimya. Skrini ikasema weka sidii. Tukaweka ya pili. Ya tatu. Tukahamia kompyuta nyingine, ikawa ni yale yale. Tulipofika ya kumi wazazi wakaanza kukohoa, kule kukohoa kwa watu ambao hawana kikohozi. Nilikuwa nasikia jasho likishuka ndani ya koti.

Mwalimu akaniuliza, kwa heshima kabisa, "Fundi, shida iko wapi?"

Nikageuka. Ulikuwa umesimama na wenzako kwa mstari, umevaa ile sweta iliyoisha viwiko. Nikakunyoshea kidole. Nikasema, "Ni huyu msichana. Nilimwachia kazi, hakuzifunga."

Ukasema, "Baba, nilizifunga zote."

Nikasema, "Usinijibu mbele ya watu."

Kuna mtoto mmoja akacheka, na mwingine akasema, "Blanki," yaani sidii tupu, na hilo jina likakushika hapo hapo. Hata wale watoto wa kwetu Turbo walikuwa wamelipata kabla ya Krismasi. Blanki, lete maji. Blanki, unaitwa. Na baba mdogo wako Kiprono, ambaye hajawahi kukutana na mzaha akauacha upite, akalifanya lake.

Nataka uelewe kitu kimoja, si kwa kujitetea. Siku ile sikusema uongo. Nilisema ujinga. Niliamini kweli hukuzifunga, kwa sababu ndiyo shida pekee niliyoijua, na mtu hukimbilia shida anayoijua. Uongo ulikuja baadaye, na huo niliusema nikiwa macho.

Ilikuwa kama miezi miwili baadaye. Parokia moja iliniletea kompyuta yao kuukuu, ya umri mmoja na zile za shule, nitoe vumbi. Nikataka kujaribu draivu yake. Iliyokuwa karibu na mkono ilikuwa sidii ya RW. Nikaiingiza. Taa ikawaka, ikazima, ikawaka, ikazima. Weka sidii. Nikaweka nyingine ya RW niliyoichoma kwa mkono wangu na kuifunga kwa mkono wangu. Weka sidii. Nikachukua ile sidii ya kawaida, ya kuandikwa mara moja, nikaingiza. Ikazunguka, ikasoma, kwaya ikaanza kuimba hapa dukani.

Fundi Ouma, yule wa redio aliyekuwa mlango wa pili kabla hajarudi kwao Siaya, alisikia kwaya akaingia. Nikamwonyesha. Akacheka, akazishika zote mbili mlangoni kwenye mwanga. "Angalia," akasema. "Hii ya kawaida inarudisha mwanga vizuri. Hii yako ya kufuta iko na giza, inarudisha kidogo sana. Draivu za siku hizi zina macho, zitaiona. Hizi za zamani zilitengenezwa kabla sidii ya namna hii haijakuwako. Zinamulika, hazioni kitu kinarudi, zinadhani hakuna sidii. Wewe ulikuwa hujui?"

Nikasema nilikuwa najua, nilikuwa najaribu tu. Kisha nikamwambia, "Ouma, lakini hii isitoke hapa." Akaniangalia. Alikuwa kwa ile siku ya wazazi, mtoto wake alisoma na wewe.

"Na msichana?" akauliza.

"Huyo nitaongea naye."

Sikuongea na wewe. Nilichoma thelathini nyingine, za kawaida, nikazipeleka shule mwenyewe. Zikasoma zote. Mwalimu Tanui akanishukuru, na mimi nikamwambia, nayaandika maneno yenyewe ili uyaone: "Nimerekebisha makosa ya msichana." Mwalimu akaniangalia kidogo zaidi ya kawaida, akasema, "Asante, Fundi," akarudi ofisini. Nikarudi mjini nikiwa nimejisikia vibaya mpaka kwa ile kona ya posta. Kutoka hapo nilikuwa sawa. Ndivyo nilivyo, mwanangu, au ndivyo nilivyokuwa. Aibu yangu ilikuwa haifiki mbali.

Utauliza ni kwa nini. Nimejiuliza sana. Sehemu moja ni woga, maana fundi ni jina, na jina likichafuka, mji huu ni mdogo, jioni kila mtu anajua. Lakini sehemu kubwa ni kwamba mimi sikuwahi kuona baba akimwambia mtoto wake nimekosea. Babu yako, Mungu amlaze, neno pole alikuwa nalo, lakini lilikuwa la ng'ombe. Ng'ombe akijikwaa aliambiwa pole kwa upendo kabisa. Sisi tulipojikwaa tuliulizwa macho yako wapi. Nikakua nikijua kwamba mzee akikubali kosa kwa mtoto, nyumba inaanguka. Sasa nina miaka sitini kasoro kidogo na naona nyumba nyingi zimeanguka, na hakuna hata moja iliyoangushwa na hilo.

Wewe ukaacha kuja dukani. Hukugoma, hukununa. Ulisema tu una kazi ya kusoma. Jumamosi ya kwanza nikakungoja. Ya pili nikaweka ile kreti pembeni. Mama yako akauliza, nikasema msichana ameona vitabu ni bora, na watu wakanipongeza, ati mtoto wako ana bidii. Nilikuwa na uchungu, Jerop. Nilikukosa hapa ndani kuliko nilivyowahi kumwambia mtu. Na nilikuwa na uwezo wa kukurudisha kwa sentensi moja, na sikuisema. Ulipochagua maabara badala ya kompyuta nilijiambia ni mapenzi ya Mungu. Labda ni yake kweli, maana naona unavyoipenda hiyo kazi yako ya darubini. Lakini Mungu nilimsingizia na yeye.

Sasa Jumapili iliyopita. Tumekaa pale nje baada ya kanisa, watu wamekuja kukuaga, chai inazunguka. Kiprono akasimama na kikombe, akasema, "Sasa Blanki, huko Marsabit usipime damu za watu zikatoka blanki!" Watu wakaanguka kwa kicheko. Ukacheka na wewe, ukaangalia kikombe chako. Na mimi nikacheka. Nilijisikia nikicheka, na nikashindwa kujizuia kwa sababu wote walikuwa wananiangalia kama mwenye ile hadithi. Una miaka ishirini na tano, una diploma, hospitali imekuita kazini, na bado mbele ya wageni unabeba takataka yangu na kuichekea.

Usiku huo sikulala vizuri. Jumatatu nikapanda Sugoi kwa Mwalimu Tanui. Amestaafu, amebaki na mahindi yake na magoti yake. Nilimkuta ameanika mahindi kwenye turubai, tukawa tunayageuza kwa miguu huku tunaongea, kwa sababu maneno kama hayo ni heri miguu iwe na kazi. Nilikuwa nimejipanga njia nzima. Nilitaka kuanza na yeye kabla yako, kwa vile yeye ndiye niliyemdanganya kwa mdomo.

Nikamwambia yote. Sidii za RW, draivu za zamani, kompyuta ya parokia, Ouma, zile thelathini za pili. Akaendelea kugeuza mahindi. Nilipomaliza akasema, "Mzee, hiyo habari umechelewa nayo. Mtoto wako aliniletea."

Nikasimama.

Akaniambia kwamba wiki ileile ya siku ya wazazi, wewe ulienda ofisini kwake wakati wa michezo na sidii mbili kwa sweta. Ukamwomba akufungulie chumba cha kompyuta. Ukaweka ya RW, ikakataa. Ukaweka ya kawaida, ikasoma. Ukarudia kwa kompyuta tatu, ili asiseme ni mashine. Kisha ukamwambia, "Mwalimu, si kufunga. Ni aina ya sidii."

Yeye akasema, "Basi nimwite Baba yako nimweleze, na watoto waache kukuita hilo jina."

Na wewe ukamwambia hapana. Mwalimu aliyakumbuka maneno yako, na mimi sasa nadhani nitayakumbuka mpaka wanifukie. Ulimwambia, "Baba ni fundi, Mwalimu. Wakisikia hakujua hawatamletea kazi. Mimi ni mtoto, wataniacha."

Hawakukuacha. Miaka kumi na miwili hawakukuacha.

Nilikaa chini pale kwenye turubai, juu ya mahindi ya watu. Mwalimu akaenda kuniletea chai, nadhani ili asinione. Nilikuwa nimeenda Sugoi nikifikiri nabeba siri yangu kwako, kumbe ni wewe uliyekuwa umeibeba, tangu wiki ya kwanza, kabla hata mimi sijaijua. Nilipokuwa hapa dukani namwambia Ouma isitoke, ilikuwa imeshatoka, na aliyeikalia ni mtoto wa miaka kumi na mitatu niliyemwambia asinijibu mbele ya watu. Kila nilipokula chakula na wewe, ulijua. Uliponiletea fomu ya shule nikuwekee sahihi, ulijua. Na hukunitazama hata siku moja kama mtu anayejua.

Nilirudi nikamwambia mama yako. Alikuwa anachambua maharagwe. Hakupiga kelele, na unamjua, akipiga kelele ni afadhali. Akaniuliza, "Na ulimwacha abebe peke yake?" Nikasema ndiyo. Akaendelea na maharagwe yake. Mpaka leo ananipa chakula bila maneno, na ninastahili.

Sasa, ushauri. Sina mwingi, na mtu aliyefanya niliyoyafanya akianza kukupa orodha, mkimbie. Lakini hili nakuomba ulisikie. Ulifanya kitu kizuri sana, na nisingetaka ukifanye tena. Huko unakoenda kutakuwa na mtu kama mimi. Atakuwa na koti, na sauti, na miaka mingi kazini, na atakuwa na haraka. Utamwambia, tujaribu kwanza hapa pembeni, na atakuuliza kwani wewe ndio mkubwa. Majibu yakitoka mabaya, atatafuta mtu kwa mstari wa kumnyoshea kidole. Wewe umezoea kunyamaza ili mkubwa asiaibike. Umezoea kwa sababu mimi nilikuzoesha. Hapa zilikuwa sidii, watoto walikosa marudio miezi miwili. Huko itakuwa damu ya mtu, na mama yake amekaa kwa benchi nje anangoja. Sema siku hiyohiyo. Mjibu mbele ya watu ikibidi. Nikuambie mimi baba yako niliyekukataza: jibu.

Na siku utakayokosea wewe, maana utakosea, usingoje kupata maneno mazuri. Mimi nimengoja maneno mazuri miaka kumi na miwili na hayakuja. Haya unayoyasoma ni yale yale mabovu niliyokuwa nayo siku ya kwanza. Mficha uchi hazai, walisema, na mimi nilidhani ni ya wagonjwa peke yao.

Nisamehe, Jerop. Neno hilo nimeliandika na kulifuta mara mbili kabla ya hapo, halafu nikaona nisilifute. Nisamehe kwa siku ya wazazi, na zaidi nisamehe kwa baada yake. Sikuambii unijibu. Ukitaka kukasirika, kasirika, una haki ya hasira hiyo, na imechelewa kufika. Hata ukienda Marsabit ukakaa mwezi bila kunipigia, mpigie mama yako, mimi nitamwuliza.

Barua hii sitaificha kwenye begi ukaisome ukiwa mbali, ambapo huwezi kuniona. Nitakupa mkononi jioni hii, na nitakaa pale pale nje kwenye benchi ukiwa unaisoma.

Kwa sababu kuna kesho. Kesho asubuhi kabla hatujakusindikiza stendi kutakuwa na maombi nyumbani. Shangazi zako watakuwepo, na Kiprono, na majirani, na Mwalimu Tanui amesema atashuka kutoka Sugoi. Baba ataitwa aseme neno, kama kawaida. Nitasimama, na nitasema sidii zile zilikuwa makosa yangu, na kwamba nilijua, na kwamba nilimwacha mtoto aitwe jina lililokuwa langu. Nitasema kila kitu, hata maneno yako kwa Mwalimu. Nakujua. Utanishika koti, utasema, Baba wacha, yamepita, watu watasema nini juu ya duka. Utataka kucheka ili wote wacheke na liishe.

Nakuomba, mwanangu. Safari hii usinifiche.

Baba yako